Siku jua lilipopatwa Butiama: bibi, wavuvi wa Musoma na hesabu za anga

Najua wengine mlishaanza kusema bumu la huyu limekata, hata hela ya intaneti hana. Bumu ni kweli limekata, lakini sababu ya ukimya si hiyo. Nilikuwa nyumbani Mara likizo ndefu, na jambo nililokutana nalo huko limenifanya nikirudi hapa Mlimani nishinde maktaba wiki mbili mfululizo bila kutishwa na mwalimu yeyote. Wenzangu wa chumbani wamedhani nimeanza kupiga msuli wa mtihani mapema. Wapi bwana! Nilikuwa natafuta siku aliyozaliwa mtoto mmoja ambaye hata picha yake haipo.

Leo naandika ndefu kidogo, kwa hiyo tafuteni chai.

Mwisho wa Agosti 2025 familia yetu ilikutana Butiama kujengea makaburi. Wale wa kwetu mnajua shughuli yenyewe: saruji, kokoto, fundi, ng'ombe mmoja, na ndugu ambao hamjaonana tangu msiba uliopita. Makaburi yalikuwa matatu. La babu, la mama yake babu, na kaburi dogo pembeni chini ya mti, la mtoto wa kwanza wa bibi. Huyo angekuwa baba yangu mkubwa. Alikufa kwa surua, hata kutembea alikuwa hajaanza.

Fundi akauliza swali la kawaida kabisa: "Huyu mdogo niandike alizaliwa lini?"

Kimya. Shangazi yangu anayeishi Bunda akasema, "Andika 1977. Marehemu baba alikuwa anasema siku zote, mtoto wake wa kwanza ni wa mwaka wa CCM." Chama cha Mapinduzi kilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, kwa hiyo wazee wengi wanautumia mwaka huo kama msumari wa kutundikia mambo yao. Fundi akachukua mwiko.

Bibi, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki muda wote bila kusema neno, akasema, "Si mwaka huo."

"Mwaka gani basi, mama?"

"Mwaka mimi sijui. Alizaliwa siku jua lilipopatwa. Jumamosi. Wasabato walikuwa wanaimba kanisani kwao, nawasikia. Giza likaingia, kuku wakarudi bandani."

Watu wakacheka kidogo, ile cheka ya heshima. Mzee mmoja akasema jua hapa limepatwa mara nyingi tu. Shangazi akasema hata 1977 watu walisema jua limepatwa. Bibi akanyamaza, lakini nilimwona anavyokunja khanga yake mikononi. Fundi akaacha nafasi ya tarehe tupu, saruji ikakauka. Mimi kwa kiherehere changu cha mwanafunzi wa historia nikasema, "Bibi, nitaitafuta." Akaniangalia. "Utaitafuta wapi, mjukuu wangu? Kwenye kompyuta?"

Sasa kabla sijaendelea, naomba mtu asiseme kwamba wazee wetu walikuwa hawajui tarehe. Walikuwa nazo, ila hazikuwa za namba. Chukueni mfano wa hapohapo Butiama. Chifu wa Wazanaki, baba yake Mwalimu, aliitwa Nyerere Burito. Inasimuliwa kwamba alizaliwa mwaka 1860 wakati viwavi wamevamia eneo lile, na neno "nyerere" kwa Kizanaki ni kiwavi. Mwanawe aliyezaliwa tarehe 13 Aprili 1922 akapewa jina la Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Mnaona? Jina la mtu ndiyo tarehe yake. Mwaka wa viwavi, siku ya mvua, siku jua lilipopatwa. Tatizo ni kwamba viwavi huja na kwenda bila ratiba, na mvua ndiyo kabisa. Katika hayo matatu, ni la jua tu ambalo lina hesabu inayoweza kurudishwa nyuma hadi siku na saa.

Hilo nililielewa vizuri Musoma, na si kwa profesa. Nililielewa kwa wavuvi.

Kutoka Butiama nilienda Musoma mjini kwa mjomba, ambaye anavua dagaa. Ilikuwa Jumapili tarehe 7 Septemba 2025. Kule Mwigobero mitumbwi mingi ilikuwa imepumzika, taa zimewekwa pembeni, vijana wanacheza bao. Nikauliza mbona hawaendi ziwani. Mjomba akanishangaa, "Wewe si mtu wa Mara? Mwezi mpevu leo." Nikakumbuka. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Taa inawavuta wanakuja juu, unawazungushia wavu. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, taa yako haina kazi. Kwa hiyo wavuvi wa dagaa wanaishi kwa kalenda ya mwezi: siku za giza kazini, siku za mbalamwezi nyumbani wanashona nyavu.

Jioni ile tulikaa ufukweni. Jua likazama upande wa ziwa, na karibu wakati huohuo mwezi ukatoka nyuma yetu upande wa nchi kavu, mkubwa kama sinia. Mjomba akanyoosha mikono yote miwili, mmoja kwenye jua linalozama, mwingine kwenye mwezi unaotoka. "Sisi tuko katikati hapa," akasema, bila kujua kwamba ameshamaliza somo zima.

Maana mwezi mpevu ndiyo huo: dunia ikiwa katikati, jua upande mmoja na mwezi upande wa pili. Na dunia, kama kitu chochote kilichosimama mbele ya taa, ina kivuli nyuma yake. Saa 1:27 usiku mwezi ukaanza kumegwa pembeni. Saa 2:30 ukawa umeingia wote kivulini, na ukabaki humo hadi saa 3:52, yaani dakika 82. Haukupotea. Uligeuka mwekundu kama kaa la moto linalokaribia kuzimika. Wekundu ule ni mwanga wa jua unaopita kwenye hewa inayoizunguka dunia na kupindishwa kuingia kivulini. Hewa inautawanya mwanga wa buluu na kuacha mwekundu, ndiyo maana hata jua likizama ziwani linakuwa jekundu. Ukiwa mwezini usiku ule ungeona duara la machweo na macheo yote ya dunia kwa mara moja.

Kijana mmoja mvuvi, amemaliza darasa la saba tu, akasema jambo ambalo sijalisoma kwenye desa lolote: "Kwa hiyo mwezi unapatwa sisi tukiwa likizo tu. Haiwezekani upatwe tukiwa ziwani." Sahihi kabisa. Kupatwa kwa mwezi hutokea wakati wa mwezi mpevu tu. Nikamuuliza, na jua je? Akafikiri, akasema, "Jua lazima lipatwe siku za giza. Mwezi ukiwa hauonekani usiku, si ndiyo uko mchana na jua?"

Jamani, mtu huyu alipaswa kuwa hapa Mlimani.

Ndivyo ilivyo. Jua linapatwa mwezi ukiwa katikati yetu na jua, mwanzo kabisa wa mwezi mwandamo. Kivuli cha mwezi ndicho kinachotuangukia sisi. Hapo kuna bahati ya ajabu: jua ni pana kuliko mwezi karibu mara 400, lakini pia liko mbali kuliko mwezi karibu mara 400. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,000, jua kilomita milioni 150. Kwa hiyo machoni petu wanalingana, na mwezi mdogo unaweza kuliziba jua lote. Ukiwa umesogea mbali kidogo katika njia yake, hautoshi kuliziba, na jua linabaki kama pete. Pete hiyo waliiona wenzetu wa Kampala na Nairobi asubuhi ya tarehe 15 Januari 2010, na watu wa Rujewa mkoani Mbeya tarehe 1 Septemba 2016.

Swali ambalo mjomba aliuliza ndilo kila mtu huuliza: kama mwezi mpevu upo kila mwezi, mbona haupatwi kila mwezi? Jibu ni kwamba njia ya mwezi imeinama kidogo, nyuzi kama 5, ukilinganisha na njia ya dunia kuzunguka jua. Miezi mingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli. Ni mara mbili hivi kwa mwaka tu, kila baada ya karibu miezi sita, ndipo mstari unanyooka. Msimu huo ukifika vinakuja kwa pamoja: wiki mbili baada ya usiku ule wa Musoma, tarehe 21 Septemba 2025, jua likamegwa kule New Zealand.

Tofauti moja zaidi ikumbukeni, maana ndiyo iliyonisaidia baadaye. Kivuli cha dunia ni kikubwa, mwezi wote unaingia, na kila aliye upande wa usiku anaona. Kivuli cheusi cha mwezi kikifika duniani ni kidogo, kinapita kama ukanda mwembamba. Aliye ndani ya ukanda anaona giza la mchana. Aliye nje kilomita mia kadhaa anaona jua limemegwa tu. Kwa wastani mahali pamoja panapata giza kamili mara moja katika miaka kama 375.

Nikaondoka Musoma, nikalala Bunda kwa shangazi kabla ya kupanda basi la Dar. Shangazi ni mtu mwema lakini kwa msimamo ni mwamba. "Baba hakuwa mwongo," aliniambia huku anachambua mchele. "Alisema mwaka wa CCM." Nikamwambia shangazi, hakuna aliyesema babu mwongo. Nikachukua chungwa, ndimu na tochi ya simu, nikamwonyesha yale ya Musoma mezani. Ndimu ikapita mbele ya tochi, kivuli chake kikatambaa juu ya chungwa. Aliangalia sana. Mwisho akasema, "Sawa. Ukinipa siku nitakubali. Lakini uniletee siku, usiniletee maneno."

Ndiyo hiyo iliyonifungia maktaba.

Kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni kwamba kazi hii wanahistoria wa Afrika Mashariki wameifanya kabla yangu, tena ng'ambo ya ziwa letu hilihili. Kule Ankole, Uganda, karibu na Mbarara, kuna mahali panaitwa Biharwe. Masimulizi yanasema Omukama wa Bunyoro, Olimi wa Kwanza, alikuja kuvamia Nkore wakati wa mfalme Ntare Nyabugaro, akateka ng'ombe. Jeshi lake lilipokuwa Biharwe jua likazimika mchana. Askari wakakimbia kwa hofu, ng'ombe wakabaki. Wanankore waliokuwa wamefilisika wakapata mifugo tena, na ikasemwa kwamba ng'ombe walidondoka kutoka mbinguni.

Falme hizo zilikuwa na orodha ndefu za wafalme waliokumbukwa kwa mdomo, lakini hakuna mwaka. Fulani alimzaa fulani, basi. Wanahistoria wakaona kwamba tukio la Biharwe ni dirisha. Wakatazama hesabu za wanajimu: ni lini giza kamili la jua lilipita pale? Hawakukubaliana mara moja. Sir John Gray, mwaka 1963, aliandika akipendekeza 1492. Wengine walitaja 1506. Tarehe iliyokubalika zaidi ni 17 Aprili 1520. Kutoka hapo ndipo wafalme wa Bunyoro, Nkore na majirani zao wakaanza kupangiwa miaka, mbele na nyuma.

Fikirieni kidogo. Hakuna aliyeandika chochote Biharwe mwaka ule. Walisimuliana tu, baba kwa mwana, kwa karne kadhaa, na anga likaja kuwa shahidi wao.

Lakini hapo pia kuna onyo. Hesabu ya anga inakupa siku kadhaa zinazowezekana, haikuchagulii. Anayechagua ni ushahidi mwingine: nani alikuwa mfalme, vita gani, msimu gani. Ukichagua ile inayokupendeza tu umejidanganya.

Basi nikafanya hivyohivyo kwa bibi. Orodha zipo wazi. Fred Espenak wa NASA na Jean Meeus wa Ubelgiji walikokotoa kupatwa kwa jua kote kwa miaka 5,000. Nikachukua miaka ya sabini hadi mwanzo wa themanini, nikatoa yale yaliyopita juu au karibu na kwetu. Nikapata manne.

La kwanza, 30 Juni 1973. Giza kamili lilipita kaskazini mwa Kenya kwenye Ziwa Turkana, alasiri. Siku: Jumamosi.

La pili, 23 Oktoba 1976. Lilianzia Tanzania hapahapa jua linapochomoza, likavuka Bahari ya Hindi hadi Australia. Siku: Jumamosi.

La tatu, 18 Aprili 1977. Hili lilikuwa la pete, likapita Zambia na Tanzania kuelekea Shelisheli, mchana. Siku: Jumatatu.

La nne, 16 Februari 1980. Giza kamili lilitoka Angola na Kongo, likakata Tanzania, likatokea kusini-mashariki mwa Kenya na kuendelea hadi India. Kwetu ilikuwa kabla ya saa sita mchana. Siku: Jumamosi.

Niliposoma siku za wiki nilishika kichwa. Yaani yule babu wa kusema jua lilipatwa mara nyingi alikuwa sahihi. Na shangazi naye: 1977 kweli jua lilipatwa! Bibi akasema Jumamosi, na Jumamosi ziko tatu. Wasabato wangu hawakutosha.

Nikampigia bibi. Hapa nilikumbuka somo moja la mwaka wa kwanza: usimlishe shahidi majibu. Sikumtajia mwaka hata mmoja. "Shikamoo bibi." "Marahaba, baba. Umekula?" Tukamaliza hayo ya kula. Nikamuuliza tu, siku ile jua lilikuwa wapi angani?

"Lilikuwa halijafika utosini. Wanawake walikuwa bado hawajasonga ugali wa mchana. Mimi uchungu ulinishika tangu usiku."

Alfajiri ikaanguka, alasiri ikaanguka. Nikauliza, ndugu zako walikuwepo? Akasema mama yake alikuwepo. Kaka yake hakuwepo, alikuwa bado Uganda na jeshi, na hawakuwa na uhakika kama mzima.

Wasomaji wangu, nilisimama katikati ya korido. Majeshi yetu yaliingia Uganda mwaka 1979: Mbarara na Masaka mwezi Februari, Kampala tarehe 11 Aprili. Baada ya vita wengine walibaki kule hadi 1981. Kaka yake bibi hawezi kuwa "bado Uganda na jeshi" mwaka 1973, wala 1976, wala 1977. Na kama kikosi chake kilishika njia ya Mbarara, huenda alipita karibu na Biharwe bila kujua kwamba jua lilishasimamisha vita vingine pale miaka mia nne na kitu nyuma.

Kwa hiyo ni tarehe 16 Februari 1980. Jumamosi.

Kilibaki kitu kimoja kinanisumbua. Ukanda wa giza kamili siku ile ulipita kusini kwetu. Butiama jua lilimegwa sehemu kubwa sana lakini si lote. Mwanga unafifia, unakuwa wa ajabu kama wa jioni isiyo na machweo, hewa inapoa, lakini giza totoro hapana. Bibi anasema giza liliingia. Nikamuuliza kwa adabu. Akanijibu kama anamfundisha mtoto: "Nilikuwa ndani, nazaa. Walipoona jua linaharibika wakafunga mlango na dirisha ili mtoto asitokewe na jambo. Mimi giza niliona. Wewe ulikuwepo?"

Sikuwepo. Na nimejifunza: kabla hujasema shahidi ametia chumvi, muulize kwanza alikuwa amekaa wapi.

Nikamwambia basi tarehe. Simu ikawa kimya hadi nikadhani salio limekwisha. Nikamuuliza kwa nini siku ile ya makaburi alikataa 1977 kwa nguvu hivyo, wakati mwaka haujui. Akasema mwaka wa CCM anaujua sana, ndio mwaka aliotolewa kwao na kuletwa kwa babu akiwa bibi harusi.

"Nilikaa miaka mitatu bila mtoto, mjukuu wangu. Nilisemwa. Hata maji kisimani nilikuwa nakwenda jioni ili nisikutane na watu. Yule mtoto ndiye aliyenifungua mdomo. Wakiandika mwaka wa harusi, wananifutia ile miaka mitatu."

Kumbe ndicho alichokuwa anakikunja kwenye ile khanga. Mimi nilidhani natafuta namba ya kujaza nafasi kwenye saruji. Na babu naye hakuwa mwongo. Nadhani mzee alikuwa anahesabu familia yake tangu siku alipooa, na pengine yale mapatwa mawili yalimchanganya. Nilimpigia shangazi Bunda nikampa siku kama alivyotaka, na sababu zake zote. Alisikiliza mpaka mwisho. "Miaka mitatu?" akauliza. "Hakuwahi kutuambia." Kisha akasema atampigia fundi mwenyewe.

Kabla sijafunga, nawaachia hesabu moja. Mapatwa yana koo zao. Watu wa Babeli ya kale waligundua kwamba baada ya miaka 18, siku kama 11 na saa 8, jua, mwezi na dunia hurudi karibu katika mpango uleule. Zile saa 8 ni theluthi ya siku, kwa hiyo kivuli hakirudi palepale, kinaangukia theluthi nyingine ya dunia. Lile la 1980 lilizaa la tarehe 26 Februari 1998 kule Karibi, likafuata la 9 Machi 2016 Indonesia, na la nne litarudi Afrika tarehe 20 Machi 2034, kupitia Nigeria, Chad, Sudan na Misri. Na ukirudi nyuma hatua tatu kutoka 1980 unafika tarehe 14 Januari 1926, giza lilipopita Kenya na Somalia. Siku hiyo pale Butiama kulikuwa na mtoto wa chifu aitwaye Kambarage, hajafikisha hata miaka minne. Ukoo mmoja wa kivuli.

Mwaka 2034 bibi akijaliwa atakuwa na umri wa kutosha kunigombeza kwa kutazama jua kwa macho. (Na nyie msitazame. Miwani maalumu, au tazameni kivuli kupitia tundu dogo kwenye karatasi. Miwani ya urembo haifai kabisa.)

Wiki iliyopita binamu yangu alinitumia picha. Fundi amerudi, ile nafasi tupu imechimbwa vizuri: 16.2.1980. Upande wa kufa wameacha bila kitu, maana siku hiyo anga halikutoa alama na bibi hataki kuikumbuka. Amekaa pembeni ya kaburi kwenye kile kiti cha plastiki, hacheki wala halii.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkienda likizo, muulizeni mzee mmoja kama anakumbuka jua kupatwa, halafu muulize lilikuwa wapi angani, nani alikuwepo na nani hakuwepo. Msimtajie mwaka, muacheni aseme. Hesabu za anga zipo na zitakuwepo mwaka kesho na miaka mia ijayo. Anayekumbuka mlango ulikuwa umefungwa ndiye hatakuwepo.

Ni hayo kwa leo. Maktaba wanazima taa, na mimi sasa nina jaribio Alhamisi ambalo sijalisomea hata ukurasa mmoja.